Jakuzi la Watu Sita

Siku jakuzi la Mzee Anselmi lilipofika Sofu, Kibaha, lilipitishwa juu ya ukuta kwa winchi, na mtaa mzima uliacha shughuli zake ukaja kutazama. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Lilikuwa limeviringishwa nailoni nyeupe, pana kuliko kitanda cha sita kwa sita, na mafundi waliolileta hawakuwa watu wa maneno mengi. Muuza genge alisema ni tangi la kufugia kambale. Fundi baiskeli alisema mzee amestaafu ugavi serikalini, na watu wa ugavi wana siri zao, kwa hiyo lile lazima ni sefu. Mama mmoja wa jumuiya, asiyependa kubahatisha mambo, alijishika kifua akauliza kama ndani yake mna mtu.

Aliyethubutu kumuuliza mwenyewe alikuwa Bilali, jirani wa ng'ambo ya barabara, Mzaramo wa Maneromango aliyefungua duka la soda na vocha pale Sofu. Wazee hao wawili walikuwa wakitaniana tangu nyumba zao zikiwa msingi, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

“We Mngoni, hilo dude ni nini?”

“Jakuzi.”

“Linafanya kazi gani?”

“Unakaa ndani, maji ya moto yanakukanda mwili kwa mapovu.”

Bilali alilitazama lile dude, akamtazama mwenye nalo. “Sisi kwetu maji ya moto wanaogeshwa watu watatu,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Mzazi, mgonjwa na maiti. Wewe mimba sikuoni nayo, na jana umekula ugali kwangu ukaongezwa. Sasa sijui tukuweke fungu gani.”

Watu walicheka, na Mzee Anselmi akacheka nao. Angewaambia nini? Kwamba lile dude halikuwa la kukanda mgongo wake wala la kujionyesha, bali lilikuwa mtego? Maana ndivyo lilivyokuwa. Ulikuwa mtego wa kumnasa mwanawe na familia yake, walale kwake hata siku moja tu.

Nyumba ile aliijenga na mkewe, mama Wilfred, tofali kwa tofali, na vyumba walivipanga kwa kufikiria watu watakaokuja kulala. Mama Wilfred akafariki kabla kuta hazijapigwa rangi ya pili. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Wilfred, mtu wa benki, anayeishi Goba na mkewe Recho na watoto wawili: Laurensia, aliyerithi jina la bibi yake, na mdogo wake Castory. Goba na Kibaha si Songea na Bukoba. Mtu akitoka kule asubuhi anafika huku na chai haijapoa. Hata hivyo walikuja kwa kuvizia, wakala wali, wakamtazama mzee kama amekonda au la, kisha Wilfred akachungulia simu yake na kusema, “Baba, acha tuwahi foleni ya Kimara.” Mzee alilichukia neno foleni kuliko matusi yote. Magodoro ya vyumba vya wageni yalikuwa bado ndani ya nailoni za dukani.

Upweke wa mtu mzima una aibu yake. Mtoto akiwa mpweke analia, na mtu atambeba; mzee akiwa mpweke anawasha redio. Mzee Anselmi alikuwa na redio sebuleni na nyingine jikoni, akaziwasha zote mbili kwenye stesheni tofauti, ili nyumba iwe kama ina watu wanaobishana.

Basi, siku moja ya likizo, Wilfred alipiga simu kutoka hotelini Bagamoyo. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha.

“Wamelikuta jakuzi hapa, baba, hawataki kutoka. Imebidi tuongeze siku.”

Mzee alisema vizuri, vizuri, wasalimie, akakata simu. Lakini yale maneno ya kuongeza siku yalibaki yakimzunguka kichwani. Kumbe siku huwa zinaongezeka! Kumbe foleni ya Kimara ina mahali inaposahaulika! Alikaa barazani akawaza mpaka akafika mbali zaidi. Mtu aliye ndani ya maji hashiki simu. Hatazami saa. Akikaa humo na wewe mnatazamana, basi itabidi azungumze, apende asipende. Mzee Anselmi alijiona yeye na watu wake wamezunguka kwenye maji, mvuke unapanda, kila mtu anamwambia mwenzake habari zake kwa raha zake, na akajikuta anatabasamu peke yake mpaka muuza maziwa akamsalimia mara mbili.

Afisa ugavi hanunui kitu kama watu wanavyonunua nyanya. Kazini, Mzee Anselmi alikuwa ndiye mtu wa kukataa. Alikataa viti vya ofisi kwa sababu ya gundi, akakataa matairi kwa sababu ya umri wa mpira wake, na wauzaji walionyana kwamba ukimwona Anselmi anakuja, kibovu kisukume nyuma. Msemo wake ulikuwa mmoja, kwamba rahisi huvunja upishi. Sasa, baada ya miaka ya kukaa bure, alipata tena kitu cha kukikataa. Alinyoa ndevu, akaweka miwani ya kusomea mfukoni, akaanza kwenda mjini duka kwa duka.

Walimwonyesha la kupuliza, linalojazwa upepo kama godoro la watalii. Alilibonyeza kwa kidole kimoja akaondoka bila kuaga. Walimwonyesha la mbao, pipa kubwa la kupendeza macho, lakini alipouliza kama mchwa wa Kibaha wataliheshimu, muuzaji akaanza kumsimulia habari za Ulaya. Mwisho alifika duka moja la Mikocheni, akakutana na binti mmoja anayeitwa Kidawa, mwenye subira ya muuguzi, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza.

Kidawa alimwambia asihadaike na taa za rangi, wala asihesabu matundu ya kutolea maji. Ubora wa jakuzi, alisema, uko pale pasipoonekana: kwenye sponji nene iliyojazwa kati ya gamba na ubao wa nje, maana hiyo ndiyo inayotunza joto umeme usiliwe bure, kwenye kifuniko kizito kisichonyonya mvuke, kwenye pampu ambayo ikigoma fundi wa hapa hapa ataifungua, na kwenye chujio linalouzwa nchini, si la kuagizwa kwa meli. Mzee alimfanya afungue ubao wa pembeni. Akapiga magoti, akachungulia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kuifinya ile sponji. Kifuniko alikinusa.

“Naweza kuingia?” aliuliza.

“Halina maji, baba.”

“Kiti hujaribiwa kwa kukaliwa, binti yangu.”

Akavua viatu, akapanda na suruali yake ya kitambaa na soksi, akakaa kiti kimoja baada ya kingine, wateja wengine wakimtazama. Alikaa kwa makini, akijiegemeza, akinyoosha miguu. Hiki kirefu kitamfaa Wilfred, miguu ile kairithi kwa wajomba zake. Vile viwili vilivyoinuka ni vya watoto, maji yasiwafike shingoni. Hiki cha pembeni, kinachotazama mlango wa nyumba, kitakuwa changu.

“Nyumbani mko wangapi, baba?” Kidawa aliuliza.

“Sita.”

“Maana lipo dogo la watu wawili watatu, zuri hivi hivi, na umeme halili sana. Kama wengine wanakuja tu kutembea...”

“Nimesema sita.”

Njiani kurudi Kibaha alihesabu tena kwa vidole. Yeye mwenyewe, Wilfred, Recho, Laurensia, Castory. Walikuwa watano. Wa sita alikuwa mama Wilfred. Aligeuka akatazama dirishani mpaka Mailimoja, na hakupiga simu kubadilisha.

Jioni ya kwanza aliingia peke yake. Fundi alikuwa amemwaga zege uani na kulivutia laini yake lenyewe ya umeme yenye waya wa ardhini, maji yamejazwa kutoka tangini, na joto limefika linapotakiwa. Yalikuwa matamu maji yale, lazima isemwe. Yalimshika kiuno pale palipokuwa pakimsumbua tangu enzi za safari za kikazi, yakamlegeza mpaka vidoleni, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Mkoa wa Pwani. Kisha akafumbua macho. Viti vitano vingine vilikuwa vinatoa mapovu kwa nguvu ile ile, vikikanda migongo ambayo haikuwepo. Alivitazama. Maji yalichemka mbele yake kama chungu ambacho mpishi amekisahau. Akazima pampu, akakaa kwenye kimya, huku malori ya bandari kavu ya Kwala yakinguruma mbali barabarani, na moyo wake ukawa mzito kiasi kwamba alitoka kabla vidole havijakunjamana.

Hata hivyo alilitunza vizuri kuliko watu wanavyotunza magari. Alipima maji kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, akapima klorini, akaosha chujio kwa mpira wa maji, akafuta viti vyote sita kwa kitambaa laini. Kubwa kuliko yote ilikuwa kulifunika. Ukiliacha wazi, Kidawa alimwonya, joto lote linaondoka na kesho unaanza upya. Kwa hiyo kila alipotoka alikivuta kifuniko, akabana mikanda yake, akapiga kofi juu yake kama anayemuaga mtu. Alilipenda, kusema kweli, kwa sababu lilimhitaji.

Alimkaribisha Bilali mara nyingi, na mara zote Bilali alikataa. “Tukae ndani ya maji wanaume wawili na vitambi vyetu, tunatazamana? Hapana, ndugu yangu. Niletee kiti cha plastiki, wewe chemka, mimi nitakupigia hadithi.” Naye alikaa kweli akapiga hadithi, mpaka mkewe alipomwita kula. Wa kumwita Mzee Anselmi kula hakuwepo.

Pasaka ilipokaribia, simu ililia, na aliyepiga alikuwa Laurensia kwa simu ya baba yake.

“Babu, shikamoo! Tunakuja! Tunakuja kulala!”

“Marahaba, mke wangu,” alijibu mzee, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kama babu wanavyowaita wajukuu wa kike, na huyu kwa jina la bibi yake alistahili mara mbili. “Mtalala kweli?”

“Baba amesema mpaka Jumatatu!”

Ni furaha gani hiyo aliyokuwa nayo wiki ile! Alizitoa nailoni kwenye magodoro, akayaanika juani. Alinunua taulo sita za rangi moja. Alikwenda Mailimoja akachagua bukta ya kuogelea, akaipima juu ya suruali huku muuza mitumba akimsifia kwamba amerudi ujana. Redio alizizima zote mbili. Mgeni njoo mwenyeji apone, alimwambia Bilali kutoka ng'ambo ya barabara, na Bilali akamjibu, “Haya, pona basi tukuone.”

Walifika Jumamosi Kuu mchana. Watoto hawakusubiri hata soda; walivua viatu mlangoni, wakakimbilia uani. Mzee alifungua kifuniko kwa maringo ya fundi, mvuke ukapanda, wakapiga yowe. Akawagawia viti. Hiki cha Castory, hiki cha Laurensia, kile kirefu cha baba yenu. “Na hiki kinachotazama mlango ni cha babu. Na hiki kando yangu,” alisema, akakipapasa ndani ya maji, “ni cha bibi yenu.” Mzee akaingia na bukta yake mpya. Wilfred naye aliingia akajinyoosha, akafumba macho, akaguna kama mtu aliyetua gunia. Simu yake ilikuwa mbali, juu ya meza, ndani ya soksi. “Baba,” alisema, “sasa hiki ni kitu.” Wakaanza kuzungumza. Wilfred alisema kazini hana raha, jambo ambalo hakuwahi kumwambia, na mzee akamsikiliza, mapovu yakiwasukuma wote, Castory akinywa maji na kukohoa na kucheka. Ilikuwa kama alivyoiota.

“Mama!” Laurensia aliita kuelekea jikoni. “Njoo, maji matamu!”

Jikoni sufuria ziligongana.

“Mama! Si umenunua nguo ya kuogelea? Ile ya bluu!”

Wilfred alimkata mwanawe jicho la kumnyamazisha, kisha akainama akatazama mapovu. Recho akatokea mlangoni, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akapiga goti upande, macho yakiwa sakafuni.

“Baba, chakula kiko tayari,” alisema polepole. “Laurensia, usimsumbue babu.” Akarudi ndani haraka.

Hapo ndipo Mzee Anselmi alipoelewa, na alielewa yote kwa mara moja. Recho alikuwa mkwe wa kujivunia, binti wa Tukuyu aliyelelewa akaleleka. Tangu aolewe hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake, hakuwahi kukaa kwenye kiti alichoinuka yeye, hakuwahi kupita mbele yake wala kula naye meza moja. Na Anselmi, aliyekulia Peramiho, hakuwahi kuingia chumba alimolala mkwe wake, wala kugusa nguo zake zikiwa kambani hata mvua inanyesha. Hakuna kati yao aliyeona ni mzigo. Ndivyo watu wanavyopendana wakiwa na adabu. Lakini yeye huyo, aliyekagua gundi na matairi na pampu na sponji, alikuwa amenunua maji ya kuchangia na mke wa mwanawe! Mtoto yeyote wa Peramiho angemwambia. Mama Wilfred angemwambia siku ya kwanza, angecheka mpaka akae chini, halafu angemtuma arudishe. Alimkosa mkewe pale, ndani ya maji, kuliko alivyomkosa siku ya kumzika.

Balaa jingine likafuata. Yeye hakuweza kukaa, na kutoka pia hakuweza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, Recho anapita pita ndani, na yeye hana mwilini ila ile bukta ya Mailimoja.

“Wilfred,” alinong'ona, “mwambie mama Laurensia aingie chumbani kidogo.”

Wilfred alitoka akichuruzika maji, akasema neno mlangoni. Wakasikia mlango wa chumba ukifungwa. Mwenye nyumba akatoka kwenye maji yake kama mwizi, akajifunga taulo mpaka kifuani, akapita kwa ncha za vidole.

Baada ya chakula, akiwa amevaa shati lake na suruali, alimwita mwanawe pembeni. “Mwambie mkeo naye aingie. Amechoka na jiko. Mimi nitakaa sebuleni, sitatoka.”

Wilfred alijikuna kichwa. “Baba... dirisha la sebuleni linatazama kule kule.”

“Ah.” Mzee alitafuta kofia yake, ingawa jua lilikuwa limeshapungua. “Basi acha nitoke. Nina maongezi na Bilali.”

Alisubiri kidogo. Mtu akiaga hivyo nyumbani kwake, hungojea aambiwe, baki bwana, kuna nini. Wilfred alisema, “Sawa, baba,” na aliisema haraka.

Bilali alikuwa anapanga kreti za soda. Alivuta benchi, akamimina kahawa, wakakaa. Punde kelele zikaanza kuja juu ya ukuta, watoto kwanza, halafu Wilfred, halafu kicheko kimoja kinene, kirefu, cha mtu aliyetupa mizigo yote.

“Nani huyo anayecheka hivyo?” Bilali aliuliza.

“Ni mkwe wangu.” Mzee Anselmi alikisikiliza mpaka kikaisha. Miaka yote ile hakuwahi kukisikia kicheko cha Recho. Kilikuwa kizuri. Kilimfurahisha na kumuumiza pamoja, na hakujua akishike kwa upande upi.

Bilali alizungusha kikombe chake. “Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.”

“Hakuna aliyenifukuza, Bilali. Ni adabu tu.”

“Ndiyo,” alisema Bilali, akamwongeza kahawa. “Adabu.”

Walilala mpaka Jumatatu, kama walivyoahidi. Kisha wakaja tena, na tena. Mtego ulikuwa umenasa! Kila walipokuja mzee aliwapokea getini, akawabeba wajukuu, akafungua kifuniko, akapima joto kwa mkono, halafu akatafuta kofia yake. Benchi la Bilali lilimzoea. Akakaa pale saa nzima, akakaa saa mbili, akijua kila sauti ya nyumbani kwake kutoka ng'ambo ya barabara. Na jioni aliporudi, watoto walikuwa wameshalegea kwa maji, wanasinzia kwenye makochi, na Wilfred ameshaitoa simu yake kwenye soksi.

Siku moja Wilfred alipiga akauliza, “Baba, Jumamosi hii utakuwepo?”

Mzee Anselmi alikuwa amesikiliza wauzaji maisha yake yote, na alijua swali linapoulizwa kwa kuomba jibu fulani. Marafiki wawili wa Recho walitaka kuja nao, Wilfred aliongeza, na waume zao. Kama baba atakuwepo lakini hakuna neno.

“Sitakuwepo,” mzee alijibu. “Nakwenda na Bilali kwao Maneromango. Funguo nitaacha dukani kwake, kwa mkewe.”

“Ah, basi sawa, baba!” Sauti ile ilichangamka kama ya Wilfred wa zamani akiruhusiwa kwenda kucheza mpira.

Hakuwa na safari. Ilibidi avuke barabara amwombe Bilali amfanyie safari. Mtani wake huyo alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na mzaha wa kumrushia. “Mihogo yangu inataka kutazamwa,” alisema. “Twende.”

Ijumaa Mzee Anselmi aliosha chujio, akabadilisha maji, akatia klorini, akafuta viti, akakunja taulo zikapangika mezani. Jumamosi alfajiri walipita Mlandizi, wakashika ile barabara ya mashimo inayoingia Kisarawe, wakitikiswa mpaka mchana. Dada yake Bilali, Zena, aliwapokea kwa vigelegele. “Karibu, baba. Mgeni njoo mwenyeji apone.” Mzee aliitikia, lakini lile neno lilimchoma, maana yeye alikuwa mwenyeji pia mahali fulani, na wageni wake walikuwa wamekuja, na kupona hajapona. Alipewa ndoo ya maji ya kisima, akaogea nyuma ya uzio wa makuti. Yalikuwa ya baridi. Baadaye watu wa nyumba wakakaa kumenya mihogo, wakacheka, na kila hadithi ilipofika patamu waliingia kwenye Kizaramo, wakasahau kwamba yupo mtu asiyeelewa. Hakuna aliyemkosea. Alicheka wao walipocheka, kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akasema anakwenda kutafuta mtandao.

Mtandao ulishika kwenye mwinuko, karibu na kanisa la zamani la Kilutheri. Alisimama pale, jua la alasiri usoni, akapiga simu ya Wilfred. Iliita sana. Alikuwa karibu kukata ilipopokelewa.

“Babu! Shikamoo!”

“Marahaba, mke wangu. Mko wapi?”

“Tuko kwenye maji! Baba amewapeleka wageni dukani kununua soda. Mama ndiye amenishikia simu, mikono yangu imelowa.”

Mzee aliyasikia mapovu. Aliyasikia vizuri, pampu inavuma bila kukwama, chujio halijaziba. Kazi yake ilikuwa safi. “Mmeenea lakini, na wageni wote hao?”

“Wageni wanapokezana. Viti vingine hatukai. Castory alitaka kukaa kwenye kiti chako, mama akamkataza. Amesema hapo ni pa babu, hapakaliwi.”

“Kumbe.”

“Hata wageni amewakataza. Na cha bibi pia. Kwa hiyo viwili vipo vitupu,” Laurensia alisema kwa furaha, kama anayemtolea babu zawadi. “Chako na cha bibi.”

Mzee Anselmi aliibana simu sikioni. Aliviona vile viti viwili, kimoja kando ya kingine, vikitoa mapovu yasiyomkanda mtu, na watu wake wamevizunguka wakijibana ili wasiviguse. Walikuwa wamemheshimu kama marehemu. Machozi yalimjia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwinukoni pale aliyaacha yatoke.

Upande wa pili sauti nyingine ikasikika, ya chini, imegeuziwa pembeni. “Mwambie babu maji ni mazuri sana. Mwambie tunamshukuru.”

“Babu, mama anasema maji ni mazuri sana na tunakushukuru.”

“Nimesikia.” Alijifuta uso kwa kofia. Alitaka kumwambia Recho kwamba anacheka vizuri. Alitaka kusema nimechoka na benchi la Bilali, nataka kurudi nyumbani. Maneno hayo hayana njia ya kupita kwa mkwe, na kwa mtoto hayapiti pia.

“Babu, upo?”

“Nipo. Mwambie mama, mkitoka mlifunike vizuri. Joto linapotea.”